Nyumba Tuliyoitembea Kabla ya Kuijenga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kopo la rangi nyekundu, brashi, na kofia ngumu iliyonizidi kichwa. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu cha fundi sanifu, nimevaa sketi iliyopigwa pasi, nikidhani nitaoneshwa meza ya kuchorea. Mkuu wa Kitengo cha Ujenzi, mzee mfupi mwenye sauti ya kupigia mbiu, alinitazama kuanzia viatuni hadi kofiani.

"Wewe ndiye Felista?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Panda gari."

Tulikwenda Kunduchi, kwenye nyumba zilizojengwa juu ya mkondo wa maji ya mvua. Kazi yangu ilikuwa kupaka alama ya X kwenye kuta za nyumba zilizotakiwa kuondoka. Njiani mzee aliniuliza nyumba inaanzia wapi. Nikajibu kwa kujiamini kwamba inaanzia kwenye msingi. Akacheka hadi akakohoa. "Inaanzia kwenye kibali," akasema. "Bila kibali hilo ni rundo la matofali lenye mlango." Nikaliweka jibu hilo kichwani kama mwanafunzi mzuri. Tulipofika, mama mmoja muuza samaki alitoka na ungo wake mkononi, akaniangalia ninavyohangaika na brashi, akasema, "Mwanangu, hiyo rangi ikibaki nipakie na chumbani basi, maana mnapaka nje tu." Watu walicheka. Mie nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Nyie vijana mnaoingia kwenye fani leo na kompyuta za mapajani, nawaeleza kwanza fundi sanifu ni nani, kwa sababu nasikia mmeanza kuona haya kuitwa hivyo. Fundi sanifu si mhandisi na si fundi wa mwiko. Yuko katikati. Anapima, anachora, anakagua, na analaumiwa na pande zote mbili. Jengo likisimama sifa ni za mhandisi, likiinama wanauliza fundi sanifu alikuwa wapi. Nimeifanya kazi hiyo hadi nywele zikawa nyeupe na sijutii hata siku moja.

Mkuu wangu yule wa kwanza alikuwa mkali lakini alijua kufundisha. Yeye ndiye aliyenishikisha timazi, ule uzito wa chuma unaoning'inizwa kwenye uzi kuonesha kama ukuta umesimama wima. Alinifundisha kuhesabu kozi, yaani mistari ya matofali kutoka chini kwenda juu, na kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole nisikilize kama una uwazi ndani. "Ukuta hauna adabu," alikuwa akisema. "Usipouangalia, unalala." Nilizunguka naye Kunduchi, Tegeta na Wazo. Pale Wazo nilikuwa naona malori ya saruji yakipita siku nzima mbele ya nyumba za miti na udongo, na ndani ya nyumba hizo walikuwa wakiishi watu ambao mfuko mmoja wa saruji kwao ulikuwa habari ya kusimulia. Nilianza kujiuliza maswali ambayo chuoni hayakuwa kwenye mtihani.

Kisha nikahamishiwa upande wa Temeke. Bosi wangu mpya alikuwa Mhandisi, na sisi wote tulimwita hivyohivyo, Mhandisi, utadhani hakuwahi kupewa jina na wazazi wake. Mtu mrefu, mwembamba, shati limechomekwa hata Jumamosi, mfukoni ana timazi yake mwenyewe ndogo ya shaba. Hakupiga kelele. Alikuwa akisema "hapana" kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chai, na hapana yake ilikuwa haipindi.

Asubuhi moja aliniita. "Bi Felista, kuna akina mama huko Chamazi wananisumbua. Wamenunua shamba kwa pamoja, wanataka kujenga. Wanataka wachorewe ramani. Kawachoree nipumzike."

Nilitoka nikijua ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua sehemu nzuri zaidi ya maisha yangu.

Walikuwa wapangaji kutoka Keko, Mtoni na Mbagala, wauza vitumbua, mafundi cherehani, wauza mkaa. Wengi walikuwa wa mchezo mmoja, ule ambao wengine wanauita upatu: kila mmoja anachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Miaka mingi waliutumia kununulia vitenge na vyombo, hadi siku walipokubaliana zamu zote zielekee kwenye ardhi. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Somoe, mjane wa makamo kutoka pwani ya kusini, mwenye ushungi uliofungwa barabara na macho yasiyokubali mchezo. Msaidizi wake, Mama Kulwa, alikuwa kijana zaidi, mdomo haufungi, kicheko chake kinasikika kabla hujamwona.

Nilimuuliza Bi Somoe anataka nyumba ya namna gani. Nilitegemea atasema vyumba vitatu, bati la rangi, vigae.

"Mwanangu, mie marehemu mume wangu alifia kwenye chumba cha kupanga," akasema. "Ile korido ilikuwa nyembamba, halafu inakata kona. Jeneza likawa halipiti. Basi walimsimamisha. Mume wangu alitoka kwangu wima, kama kabati. Mie nimekaa na mashoga zangu naona. Na turubai mwenye nyumba akakataa lisifungwe uani kwake, msiba tukaupeleka kwa jirani." Alinyoosha khanga yake magotini. "Sitaki makubwa. Mie nataka nyumba ambayo siku yangu ikifika, nitoke nimelala."

Nilirudi ofisini nikachora nyumba ya kitabuni: sebule mbele, korido, jiko ndani, vyumba viwili nyuma, kila kitu kimepimwa kwa rula. Nilijivunia ule mchoro. Nilipowapelekea, waliuzungusha mikononi, mmoja akaushika juu chini, wote wakasema mzuri, mzuri sana, kama watu wanavyosifu mtoto wa mgeni. Mama Kulwa ndiye aliyesema ukweli.

"Dada Felista, usinielewe vibaya. Mie hiki kikaratasi naona mistari tu. Nyumba yenyewe iko wapi hapa? Si utuoneshe chini tuione kwa ukubwa wake?"

Kukawa na mabishano ya dakika mbili tatu, nikakubali kwa shingo upande. Tukachukua kamba na vigingi vya kufungia mbuzi. Mmoja akaleta debe la majivu ya jikoni. Tukaichora nyumba nzima ardhini kwa ukubwa wake wa kweli, kuta zote majivu, milango ikaachwa wazi. Kisha wakaingia. Waliingia kwa mlango, si kwa kuruka ukuta, na aliyekanyaga majivu alizomewa. Mmoja akajilaza chumbani. Mwingine akachuchumaa jikoni akasonga ugali wa hewa, akainuka haraka.

"Jiko ndani? Na moshi wa mkaa? Unatutakia nini wewe?"

"Na siku ya shughuli sufuria la pilau nitalipikia wapi, kitandani?" akadakia mwingine.

Nikafuta jiko, nikalipeleka uani. Nikadhani tumemaliza. Hapo Bi Somoe akamwambia Mama Kulwa alete kitanda chake cha kamba kilichokuwa kwenye kibanda kimoja pale shambani. Wakakibeba wanawake wanne mabegani, kutoka chumba cha nyuma. Wakafika kwenye kona ya korido yangu, wakakwama. Wakajaribu kwa mbele, wakajaribu kwa nyuma. Mguu wa kitanda ukapita juu ya majivu ya ukuta.

"Hicho kitanda mnakihamishia wapi?" nikauliza, nikijaribu kucheka.

"Hiki si kitanda," akasema Bi Somoe. "Hiki ni mie."

"Astaghfirullah, Bi Somoe!" wakapiga kelele wenzake, wengine wakakishusha kitanda kama kimewaunguza. Lakini yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisimama palepale penye kona akiiangalia miguu ya kitanda iliyokanyaga ukuta wangu. Kisha akaniangalia mimi.

Nilichukua tawi la mwarobaini nikafagia ile kona. Nikaichora upya kwa kuikata mshazari, yaani ukuta haukutani na mwenzake kwa pembe kali bali unapita upande kama mtu anayempisha mwenzake njiani. Wakakibeba kitanda tena. Safari hii kikapinda taratibu, kikapita, kikatoka mlango wa mbele bila kugusa hata chembe ya jivu. Mama Kulwa akapiga kelele, "Limepita!" na vigelegele vikaitikia hadi wapita njia wakasimama kuuliza bibi harusi yuko wapi.

Tangu siku hiyo niliyaita hayo kuitembea nyumba, na sikuwahi tena kujenga hata banda la kuku bila kulitembea kwanza.

Sasa tulikuwa na nyumba ya majivu, tukabaki na swali la nyumba ya kweli. Matofali ya saruji yalikuwa mbali na uwezo wao. Nikakumbuka matofali ya kufungamana, yale yenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, yanayoshikana bila kuwekewa chokaa katikati kila kozi. Yanafyatuliwa kwa mashine ya mkono kutoka kwenye udongo wa palepale, ukichanganywa na saruji kidogo. Lakini si kila udongo unakubali. Unachota udongo, unautia kwenye chupa ya kioo pamoja na maji na chumvi, unatikisa, unauacha utulie. Mchanga unalala chini, udongo wa mfinyanzi unabaki juu, na kwa kuangalia tabaka hizo unajua kama udongo utashika au utapasuka. Wale akina mama walitikisa chupa kila pembe ya shamba, wakabishana nani ana udongo mzuri kama wanavyobishana nani ana maandazi laini.

Na ufyatuaji wakaupanga kwa njia waliyoizoea. Waliufanya mchezo. Badala ya hela, walichanga matofali. Kila mwisho wa wiki kundi zima linafyatua kwa ajili ya nyumba moja, wiki inayofuata nyumba nyingine. Wawili wananing'inia kwenye mkono wa mashine, wengine wanachekecha udongo, wengine wanafunika matofali mabichi kwa nailoni na kuyanyunyizia maji ili yasikauke kwa pupa, maana tofali likikauka haraka linakuwa kama biskuti. Kulikuwa na jambo moja walilokubaliana ambalo sijaliona kwa mkandarasi yeyote tangu nizaliwe: hakuna aliyejua nyumba ipi itakuwa yake. Kura ingepigwa siku ya kumaliza zote. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulipua kazi. Nilimwona Mama Kulwa akivunja tofali lililopinda kidogo tu, mwenzake akamwambia aliache, mbona si baya hivyo.

"Likiangukia kwangu je?" akasema. "Vunja."

Tofali la ile kona iliyokatwa lilitusumbua, kwa sababu mashine ilitoa matofali ya pembe nne tu. Seremala wa jirani akatuchongea kipande cha mninga cha kuweka ndani ya sanduku la mashine, tofali likatoka na shavu la mshazari. Tukalifyatua kwa wingi.

Nilipopeleka maombi ya kibali, Mhandisi aliyasoma yote, hadi ukurasa wa mwisho.

"Hapana, Bi Felista."

"Kwa nini, Mhandisi?"

"Udongo."

"Ni udongo wenye saruji, umegandamizwa."

"Nimesoma. Nimewahi pia kuona ukuta wa udongo ukilala baada ya masika, na watu ndani. Sitasaini kitu ninachokiogopa." Alivua miwani. "Sisemi haiwezekani. Nasema nionesheni. Jengeni moja. Paa lenu lina masikio mafupi, maji ya mvua yatapiga ukuta. Yarefusheni. Msingi upandishwe juu ya ardhi. Na hapa juu nataka lenta inayozunguka nyumba nzima, si juu ya milango tu." Lenta ni ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta kama mshipi kiunoni. "Mkimaliza, kabla ya paa, nitakuja kuipa mzigo. Ikikataa, mnajenga kwa ramani yangu au hamjengi."

Nilitoka nimekasirika. Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa sahihi. Masikio ya paa yalikuwa mafupi kweli, nilibana ili kupunguza bati. Bi Somoe aliposikia habari hiyo hakulaumu mtu. Alichouliza ni kama Mhandisi ameigusa kona.

"Hajaitaja kabisa," nikamwambia.

"Basi mpeni lenta yake," akasema.

Nyumba ya mfano ilipanda. Siku ya mzigo Mhandisi alikuja na mafundi wawili na lori la viroba vya mchanga. Alizunguka nyumba mara nyingi, akatoa timazi yake ya shaba, akaining'iniza kila pembe, akachuchumaa, akainuka. Akaingia ndani. Alipofika kwenye korido akasimama.

"Hii kona mmeikata kwa nini?"

Nilitaka kueleza kitaalamu. Bi Somoe akanitangulia. "Ili jeneza lipite, baba."

Mhandisi hakucheka. Alipitisha kiganja kwenye ule mshazari, kutoka juu hadi chini. "Kona ya namna hii inapenda kupasuka," akasema. "Ongezeni nondo mbili za kusimama hapa katika nyumba zinazofuata." Aliposema zinazofuata, Mama Kulwa alinifinya mkono hadi nikaumia.

Mafundi wakatandika mbao juu ya lenta wakaanza kupandisha viroba. Mhandisi akaamuru wote tutoke nje, tusimame mbali. Tulitoka. Tukaanza kuhesabiana ndipo tukagundua Bi Somoe hayupo. Nilichungulia dirishani. Alikuwa ametandika mkeka sebuleni kando ya ukuta, ungo magotini, anachambua mchele.

"Mama, toka!" Mhandisi akapaza sauti. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti.

"Nachambua mchele, baba. Endeleeni na kazi."

"Mama, tunaweka mzigo juu yako."

"Hii nyumba nimeitembea, nimeifyatua, nimeimwagilia. Nisipoiamini mie, utaiamini wewe?"

Mafundi walisimama na viroba mabegani wakimwangalia bosi wao. Shati la Mhandisi lililochomekwa vizuri lilikuwa limeloa jasho. Aliwaambia washushe, wasubiri. Kisha akaingia ndani, na sisi wote tukajua anakwenda kumtoa kwa nguvu. Hakumtoa. Tulimsikia akisema mambo, tukamsikia Bi Somoe akijibu mambo. Halafu kichwa cha Mhandisi kikatokeza dirishani.

"Endeleeni," akasema. "Polepole. Anzeni upande wa mashariki."

Akakaa. Bosi wangu, mtu aliyekuwa akikataa hata kukalia kiti chenye mguu unaocheza, alikaa kwenye mkeka na mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta wa udongo, mkono mmoja umeshika timazi. Kiroba baada ya kiroba. Mimi niliomba dua zote nilizofundishwa utotoni kwetu Masasi na nyingine nilizozisikia kwa majirani Waislamu, sikuchagua. Mbao zililia. Ukuta haukusema kitu. Ilipofika alasiri lori lilikuwa tupu, mchanga wote uko juu ya nyumba, na Bi Somoe akatoka mlangoni akipepeta ungo wake.

"Mchele umekwisha," akasema. "Nani ana maji ya moto?"

Mhandisi alitoka nyuma yake, suruali imejaa vumbi. Akaenda kwenye kila pembe na timazi yake. Kisha akageuka kwangu, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, ya kukukaribisha chai. "Bi Felista, leta zile karatasi za kibali. Na siku nyingine usinifanyie hivi." Karatasi nilikuwa nazo kwenye mkoba tangu asubuhi. Alisainia mgongoni mwa Mama Kulwa, ambaye aliinama hapohapo awe meza, na vigelegele vya siku hiyo nadhani vilifika Mbagala Rangi Tatu. Nililia mbele ya watu na wala sikuona aibu.

Masika yalikuja, yakapiga yalivyoweza, kuta zikabaki kavu chini ya masikio yao marefu. Nyumba zikamalizika moja baada ya nyingine. Kura ilipigwa kwa vikaratasi ndani ya sufuria la pilau, na Mama Kulwa akapata ile ya mfano, akaanza kulalamika hapohapo kwamba ni ya mazoezi. Bi Somoe alipata ya mwisho kabisa, inayotazama bonde. Alifungua mlango, akaenda moja kwa moja kwenye kona, akaigusa, akarudi kuja kupika.

Baada ya hapo nilihamishwa tena, nikapelekwa Ubungo, ambako kazi ilikuwa kukagua maghorofa ya maduka na kugombana na wenye nayo. Nilipandishwa cheo, nikapewa vijana wa kuwafundisha. Wakuu waliofuata waliniita Mama Majivu, wengine kwa dhihaka, na mie niliitikia. Mmoja wa vijana wangu, msanifu majengo, alikuwa na nyumba nzuri sana inayozunguka yenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Nikamwambia twende uani tuitembee. Alinuna. "Mama, hii ishu si tayari imepimwa?" Tukamwaga majivu, tukaitembea pamoja na wenye nyumba, na mama mwenye nyumba akagundua kwamba mlango wa choo unafungukia mezani pa chakula. Kijana yule sasa ni mkuu wa kitengo mahali fulani, na nasikia ana debe lake la majivu nyuma ya gari.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na kitenge, hotuba ikawa ndefu, soda zikawa za moto. Mhandisi alikuja, amestaafu zamani, fimbo mkononi na shati limechomekwa. Alinipa kiboksi kidogo. Ndani kulikuwa na timazi yake ya shaba. Ninayo hapa mezani ninapoandika.

Ukipita leo Chamazi, Msongola, Toangoma, hata Kigamboni ndani huko, utaona nyumba nyingi za udongo wa kugandamiza zenye kona iliyokatwa kwenye korido. Vikundi vingine vya akina mama viliiga, mafundi wakaiga kwa akina mama, na sasa mafundi wadogo wanaijenga bila kuuliza. Wanaiita kona ya Somoe. Nilimsikia mmoja akimweleza mteja kwamba imewekwa hivyo ili friji lipite. Sikumsahihisha, friji nalo linapita.

Lakini nyie mnaosoma nawaeleza. Mwaka uliopita nilipigiwa simu na Mama Kulwa asubuhi, na kwa jinsi alivyoanza kwa kimya nilijua. Nilifika Chamazi nikakuta turubai limefungwa uani, kubwa, hakuna aliyelikataza. Bi Somoe alikuwa ameishi katika nyumba ile hadi akawaozesha wajukuu wawili kutoka humohumo, na alifia chumba cha nyuma, kitandani kwake. Wanawake tulikaa uani na mabarazani. Tulikuwa tumezeeka wote, wale tuliofyatua. Ndani tulisikia wanaume wakinyanyua, sauti zao zikisema taratibu, taratibu.

Kutoka pale nilipokaa niliiona korido kupitia mlango uliokuwa wazi. Jeneza lilitoka chumbani mabegani mwa vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku tulipomwaga majivu. Lilifika kwenye kona. Hawakupunguza mwendo, hawakuliinamisha, hakuna aliyesema shika huku wala inua kule. Lilipinda, likapita, likatoka mlango wa mbele likiwa limelala sawasawa, na ile khanga ya kijani iliyolifunika haikusugua ukuta.

Msiba ni msiba, hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Kulwa alinishika mkono palepale alipowahi kunifinya, akauegemeza mdomo wake sikioni kwangu.

"Limepita," akasema.